Macho ya Akiba

Kabla hajawa shujaa wa kuiokoa dunia, alikuwa maiti. Na si maiti wa mara moja. Alikufa kwenye filamu ya majambazi, kafunikwa shuka jeupe kutoka utosini mpaka vidoleni. Akafa kwenye filamu ya mapenzi, safari hii kifudifudi mtaroni. Kwenye ile ya vita alikufa asubuhi, akafa mchana na akafa tena kabla ya chai ya jioni, maana askari walikuwa wachache na mwongozaji alitaka maiti wengi: anaanguka, anabadilishwa koti, anapelekwa upande wa adui, anaanguka tena. Watu wa filamu wakamwita Marehemu, na jina likaganda. Mtu anapiga kelele uani kwamba Marehemu anahitajika haraka, na Marehemu huyo anakuja mbio, kikombe cha chai mkononi, anacheka.

Kufa alikujua, tumpe haki yake. Wenzake wakifa, tumbo linapanda na kushuka kama la paka aliyeshiba. Yeye alibana pumzi mpaka mpambaji anaingiwa na wasiwasi anamfinya. Shida ilikuwa moja tu. Katika kufa kote huko, uso wake haukuwahi kuonekana. Kama si shuka ni tope, kama si tope ni kisogo. Siku aliyopewa sehemu ya kusema, alikuwa mgonjwa aliyeungua moto, kazungushiwa bandeji kichwa kizima, limebaki tundu la kupitishia maneno.

Na filamu zote hizo mama yake alizitazama. Alikuwa mjane, fundi cherehani aliyeshona sare za shule miaka nenda miaka rudi mpaka vidole vikakataa, na sasa alikaa kwa binti yake mkubwa. Filamu ikianza anasogeza kiti karibu na televisheni anauliza, "Wewe ni yupi hapo?"

"Yule, Mama. Chini ya shuka."

Mama analitazama lile shuka kwa makini, kama mtu anayetafuta sindano. "Shuka lenyewe halijapigwa pasi," anasema, kisha anarudisha kiti nyuma.

Jina la Marehemu hakulitaka masikioni mwake. Alisema maneno huumba, na yeye hakubeba mimba ili mwanawe aitwe kwa jina la watu waliokwisha kuzikwa. Kitu kimoja tu alikuwa akikisubiri, na hakukificha: amwone mwanawe kwenye skrini, uso mzima, kama wanavyoonekana watoto wa watu.

Sasa, macho nayo yakaanza yao. Daktari aliita presha ya macho. Ugonjwa huo ni mwizi mstaarabu, hauvunji mlango. Unaanzia pembeni, unachukua kidogo huku na kidogo kule, mwenye nyumba hajui kitu mpaka abaki na katikati tu. Mama alisema ni kama kuchungulia ndani ya bomba. Daktari akaeleza kwamba kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kitasubirishwa kwa dawa ya matone lakini nacho kitaondoka, pengine mwaka huu, pengine mwakani. Dada yake Marehemu, mwalimu wa watoto wa chekechea aliyezoea kuwapanga watu wote kwa mstari, alimpigia simu mdogo wake akamwambia kama kuna filamu ya kuonyesha uso, aitafute sasa hivi, aache kulala lala chini ya mashuka.

Kazi ya kuwa Tufani, shujaa wa filamu mpya, ilikuja kwa sababu ya mabega. Suti ya shujaa huyo ilikuwa imeshonwa kwa kipimo cha mwigizaji mmoja maarufu. Katika kusubiri kamera, maarufu yule alikula akanenepa mpaka zipu ikagoma katikati ya mgongo, wakaivuta wanaume wawili ikagoma vilevile. Wakaanza kumjaribisha kila mwenye mabega. Marehemu alikuwa jengo la jirani, amekuja kufa kwenye filamu nyingine. Akaitwa, akaingia, zipu ikapanda mpaka shingoni bila kulalamika. Ndivyo alivyopata kazi kubwa kuliko zote maishani mwake. Wengine huzipata kwa kipaji.

Ila suti ilikuwa na helmeti. Helmeti yenyewe kipande kimoja, kutoka paji la uso mpaka kidevuni, matundu mawili membamba ya kuonea, na nyuma inafungwa kwenye ukosi kwa skurubu ndogondogo. Kuivaa kazi, kuivua kazi zaidi, kwa hiyo asubuhi ikishafungwa hadi jioni. Chai alikunywa kwa mrija. Ndani humo mlinuka gundi na pumzi ya jana. Kuruka, kupindua magari na kupita madirishani kulifanywa na kijana wa sarakasi aliyevaa suti kama hiyohiyo, wenyewe wakimwita Mrukaji. Kazi ya Marehemu ilikuwa kusimama, kusema na kuhuzunika.

Alipoiona helmeti, moyo ulimshuka mpaka kwenye soksi. Akamwendea mwongozaji, mtu mwembamba aliyetafuna penseli mpaka zikabaki vipisi, akamuuliza kama uso utaonekana.

"Mwisho," mwongozaji akasema. "Juu ya paa. Tufani anavua helmeti mbele ya mama yake, mama anajua kumbe ni mwanangu huyu. Hiyo ndiyo filamu nzima, ndugu yangu. Bila hiyo tuna suti inayoruka tu."

Marehemu alikwenda kwa mama siku hiyohiyo na habari yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Bila shuka?"

"Bila shuka, Mama."

Ndipo Mama alipoanza kuweka akiba. Mwanzoni binti yake alidhani amesinzia, baadaye akadhani anasali. Kumbe anafumba macho. Maisha yake yote vitu viliisha kwa kutumiwa: uzi unaisha, sabuni inaisha, ncha ya mkasi inaisha. Kwa hiyo macho nayo, alipiga hesabu yake ya fundi, yakiachwa bila kutumiwa yatafika mbali. Akala kafumba, akapiga soga kafumba, akaenda chooni kwa kupapasa ukuta. Aliyafumbua wakati wa kutiwa matone tu, na hapo akatazama dari, kitu kisicho na hasara.

Walimpeleka kwa daktari amweleze. Daktari akaeleza vizuri, kwa picha na kwa mfano wa jicho la plastiki lililofunguka vipandevipande, kwamba macho hayaishi kwa kutazama, mama, tazama tu. Mama akaitikia kila sentensi kwa adabu. Walipofika kwenye ukumbi wa nje akamwambia binti yake, "Kijana mzuri sana. Lakini hajawahi kuishiwa kitu."

Basi Marehemu akija kumjulia hali, anaongea na mama aliyefumba macho. Anakaa mbele yake, magoti kwa magoti. "Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Unanuka gundi."

"Nifumbulie basi kidogo."

"Nikufumbulie ya nini, unataka yaniishie? Akiba haiozi, mwanangu."

Paa lilipigwa picha mchana mmoja, ndani ya jengo. Lilikuwa paa la mbao, kimo chake cha meza, na mji mzima ulichorwa kwenye kitambaa nyuma yake. Aliyekuwa mama wa Tufani ni bibi mmoja wa jukwaa, mwigizaji wa zamani aliyekwisha kuwazaa kwenye filamu karibu waigizaji wote wa nchi. Skurubu zililegezwa kabla, ili helmeti itoke kwa mkono mmoja. Marehemu akaivua. Nywele zimemganda, alama ya sponji ya ndani ya helmeti imemkaa kwenye paji la uso kama aliyelalia mkeka, na machozi ambayo hakuna mtu aliyemwagiza. Akasema maneno yaliyoandikwa, matatu tu. "Mama, ni mimi."

Mwongozaji alisahau kuwaambia wakate, penseli imesimama kati ya meno. Mpambaji alikuwa analia, na alipoulizwa akasema ni ile gundi. Yule bibi wa jukwaa akamvuta Marehemu pembeni akamwambia kuwa katika watoto wake wote, na wengine ni walevi, huyu ndiye wa kwanza aliyemfanya asahau kwamba anaumwa mgongo. Siku ile Marehemu alirudi nyumbani kwa miguu ili watu wamwone. Hakuna aliyemtazama, lakini hakujali. Alijua zamu yake inakuja.

Miezi ikapita, kisha mhariri akamwita. Huyu mwanamke ndiye aliyekaa kwenye chumba kisicho na dirisha kukata na kuunganisha filamu, bakuli la karanga pembeni, na kwa kawaida alikuwa mcheshi. Siku hiyo alimsogezea kiti kabla hajasalimiwa. Akamwonyesha mwisho wa filamu. Juu ya paa, mikono inainua helmeti. Kamera iko nyuma. Kinaonekana kisogo. Inasikika sauti, "Mama, ni mimi." Halafu uso wa yule bibi, mkubwa, machozi yanateremka, anamtazama mtu ambaye sisi hatumwoni. Halafu mbingu. Halafu majina.

Marehemu alisubiri. Alidhani kuna picha nyingine inafuata. "Uso wangu uko wapi?"

Mhariri alisukuma bakuli la karanga kando. Akamweleza kwamba walifanya onyesho la majaribio, ukumbi umejaa watoto na wazazi, na watoto walimpenda Tufani kufa na kupona. Helmeti ilipotoka, mtoto mmoja akauliza kwa sauti, huyu ni nani? Mwingine akaanza kulia, anataka Tufani arudi.

"Walikupenda mpaka walipokuona," mhariri akasema. Aliona amelisema vibaya, akajaribu kulirekebisha. "Lakini kisogo chako kimetoka vizuri sana." Na kwa masikitiko ya wote wawili, alikuwa anasema kweli.

Zikaanza danadana. Mwongozaji akamshika mikono yote miwili, akasema hata yeye hakulala, nenda kamwone Tajiri. Tajiri ndiye mwenye filamu, mtu mnene mwenye leso kubwa. Aliposikia habari za mama na macho, Tajiri alilia. Si kwa unafiki, alilia kweli, mabega yakitikisika, kwa sababu mama yake mwenyewe alifariki kabla hajamwona amevaa tai. Alipomaliza kujifuta akasema mambo haya wanaamua wasambazaji. Wasambazaji, kwa simu, wakasema kwa upole kabisa kwamba wao wanafuata watazamaji. Na watazamaji ndio nani? Watazamaji hawana ofisi.

"Uso wako ni mtaji," Tajiri akamfariji. "Tunautunza kwa sehemu ya tatu."

"Ya tatu?"

"Ya pili bado mapema."

Akaomba basi apewe kipande kile tu, akamwonyeshe mama nyumbani, mlango umefungwa, arudishe kabla ya chakula cha mchana. Tajiri akasikitika. Kipande kimefungiwa kwa wasambazaji, na hata yeye mwenyewe akitaka kukiona itabidi aombe. Akampa badala yake tiketi za siku ya kwanza, mstari wa mbele kabisa, maana mama haoni vizuri, akae karibu. Hakuna hata mtu mmoja aliyemkatalia kwa ubaya. Hilo ndilo lililommaliza. Angempata japo mmoja wa kumchukia, angalau angepumzika.

Aliporudi kumuaga mhariri, yule mwanamke akamwambia kwamba filamu haijafungwa kabisa, atajaribu kuurudisha uso hata kwa kufumba na kufumbua. Asimtegemee, lakini. Marehemu akamtegemea.

Dada yake alipoambiwa yote haya alisema jambo moja: mwambie leo. "Ukishindwa kusema, nyoosha kidole nitakuita," akaongeza, kwa ile sauti anayotumia kwa wenye miaka mitano.

Akaingia chumbani kwa mama. Mama alikuwa kitandani, macho kayafumba, gauni lake la kutokea limetandikwa magotini analipapasa mishono kama limeshonwa na adui. Marehemu akakaa. Akasema, "Mama, kuhusu ule mwisho."

"Hasa, nilitaka kukuuliza. Filamu ndefu, siwezi kuyaacha wazi muda wote. Niyafumbue wakati gani?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga kama watoto wa dada yake. Hawaonyeshi uso wangu, Mama. Manne tu. Lakini yule mhariri alisema atajaribu, na gauni lilikuwa magotini, na vidole vya mama vilikuwa vimesimama kusubiri jibu.

"Ukisikia 'Mama, ni mimi'," akasema. "Hapo ndipo ufumbue."

Dada yake aliyekuwa mlangoni aligeuka akaondoka bila neno. Kwa mwalimu wa chekechea, hiyo ni adhabu kubwa.

Siku yenyewe walikwenda onyesho la mchana. Nje ya ukumbi mabango ya Tufani yalikuwa marefu kama nyumba, mwuza vinyago alikuwa anauza helmeti za karatasi ngumu, na mlangoni kabisa alisimama Tufani mwenyewe ndani ya suti, watoto wamepanga foleni kupiga naye picha. Mlinzi alimzuia Marehemu kwa kifua, akamwambia wageni wa mstari wa mbele wanasubiriwa, yeye apite upande wa pili. Marehemu akamweleza taratibu kwamba Tufani ni yeye. Mlinzi akamtazama Tufani, akamtazama Marehemu, akamwonea huruma. Ikabidi sauti itoke ndani ya helmeti, sauti ya Mrukaji.

"Mwache apite, bosi. Huyo ndiye mimi."

Wakapita. Mstari wa mbele ulikuwa karibu na skrini kiasi kwamba dada alilazimika kulaza shingo. Alisema hapa hapafai, mtu wa kuona kwa bomba anahitaji kukaa mbali ili bomba lipate vitu vingi. Akaenda kuuliza nafasi nyuma. Nyuma kumejaa wakubwa na wake zao. Akarudi, akakaa, akamfunga mama kifungo cha gauni ambacho hakikuwa kimefunguka.

Filamu ikaanza, na Mama akafumba. Magari yakalipuka, watoto wakapiga kelele, Mama ametulia kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Mara mojamoja aliinama kwa mwanawe. "Sasa unafanya nini?"

Alikuwa Mrukaji, anapita kati ya majumba. "Naruka, Mama."

"Jishike vizuri."

Kisha likaja paa. Marehemu alilijua kwa muziki, vinanda vinaanza kunyenyekea. Mikono ikainua helmeti. Kisogo. Moyoni akamsihi mhariri kwa jina la mama yake mzazi. Sauti yake mwenyewe ikajaa ukumbi mzima, "Mama, ni mimi," na pembeni yake Mama akafumbua macho.

Marehemu hakuitazama skrini tena. Alitazama yale macho. Yalikuwa wazi kabisa, yamelowa, na yalikuwa yanakimbia, huku, kule, juu, chini, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye chumba cha giza huku mlango unagongwa. Mwanga wa skrini uliyapita. Kisha mwanga ukawa wa bluu, ndiyo ile mbingu, na watu nyuma wakaanza kupiga makofi, wakasimama, wakapiga miluzi. Taa zikawaka. Mhariri alijaribu au hakujaribu, hilo halikujulikana.

Mama alikaa na mikono magotini. "Nimekukosa," akasema.

"Mama."

"Nimeona pua ya mwanamke. Kubwa. Nikakutafuta upande huu, nikakutafuta ule. Mpaka nageuka, mawingu." Akatikisa kichwa polepole. "Nimeyatunza vibaya. Nilichelewa kuanza."

"Mama, si macho yako. Hawakunionyesha. Wameukata uso wangu, nilijua tangu zamani, nikashindwa kukwambia."

Mama akampapasa mkono, kama anavyopapaswa mtoto aliyeanguka. "Usinidanganye kwa huruma, mwanangu. Mwenyewe uliniambia nifumbue. Na makofi yote yale, walimpigia nani? Kisogo?"

Ndiyo, walipigia kisogo. Dada akaingilia, akasema, Mama, anachosema ni kweli tupu, hata mimi sikumwona. Mama akacheka kidogo, bila furaha. Akasema anaona wamepanga pamoja, ni watoto wazuri, lakini yeye si mgonjwa wa kudanganywa kwa pipi.

Marehemu akateremka kitini. Akapiga magoti kwenye zulia la ukumbi, kati ya magoti ya mama na ile skrini iliyokuwa inapandisha majina, uso wake ukiwa karibu na wa mama kiasi cha kuhisi pumzi. "Mama, ni mimi. Niko hapa. Niangalie mimi basi."

Yalikuwa bado wazi, yale macho, kwa muda ule mfupi. Yalitua pembeni ya sikio lake.

"Wewe nakujua," Mama akasema. "Nilikuzaa. Nilitaka nikuone walivyokuona wao." Akavuta pumzi. "Kuna sehemu ya pili?"

"Ipo, Mama."

"Inatoka lini?"

"Mwakani."

"Basi," Mama akasema, akayafumba.

Alinyoosha mkono apewe bega, akauliza kama kuna ngazi, dada akasema zipo. Wakatoka taratibu, Mama katikati. Nje foleni ya watoto ilikuwa imezunguka kona ya jengo, na Tufani alikuwa ananyanyua mtoto mmoja baada ya mwingine, mkono mmoja kiunoni kama alivyofundishwa. Mama alisimama akatega sikio.

"Kelele za nini hizo?"

"Watoto," Marehemu akasema. "Wanapiga picha na Tufani."

"Ala! Na mimi nakuvuta tuondoke, na watoto wanakusubiri." Akauachia mkono wake, akarudi nyuma hatua moja, akalinyoosha gauni. "Simama vizuri basi. Waache wapige, nitakusubiri."

Marehemu akasimama vizuri. Watu wakawapita kulia na kushoto, wengine wakiomba njia. Mama alingoja pale kando, macho kayafumba, anatabasamu, anawasubiri wamalize.